Maji Yenye Wenyewe

Njia ya kushuka Kabira ilikuwa fupi; ya kupanda ndiyo iliyokuwa ndefu. Melania alisema hivyo kila alipoulizwa maji anayateka wapi, na watu walicheka, maana njia ilikuwa ni ileile moja. Yeye hakuwa akifanya mzaha. Asubuhi alishuka na mtungi mtupu, magoti yakimtangulia. Jua lilipoanza kuuma alipanda na mtungi umejaa, shingo imekazana kama kamba iliyofungiwa ng'ombe mkaidi. Akifika kwenye jiwe jeupe katikati ya mlima alisimama kidogo bila kutua, kwa sababu akitua hakuwa na wa kumtwisha tena.

Na kisima kijijini kilikuwepo. Wanakijiji walikichimba wenyewe mwaka ule wa sabini na nne, walipotolewa mabondeni katika operesheni ya vijiji na kupangwa juu ya mgongo wa kilima, upande wa Mugoma, nyumba zikifuatana kando ya barabara kama shanga katika uzi. Kilijengewa mawe, kikafunikwa kwa mbao, na maji yake yalikuwa meupe. Kilikuwa karibu na nyumba ya Melania kiasi kwamba angeweza kwenda kuchota, akarudi, akakuta uji wake haujafurika.

Aliyemzuia ni mama mkwe wake, Kanyange.

Kanyange alikuwa mzee wa macho yaliyoingia ukungu na miguu iliyokwisha kukataa kumbeba. Alikaa kitandani, karibu na dirisha dogo, rozari mkononi, na kilichobaki kwake kikiwa kizima kilikuwa masikio na ulimi. Siku ya kwanza alipoletewa kikombe cha maji ya kisima alikinusa, akakirudisha bila kukigusisha mdomo.

"Maji haya hayana wenyewe," alisema.

Wenyewe wa maji, kwa watu wa bonde la Kabira, walikuwa vyura. Melania alilifahamu jambo hilo tangu alipokuwa bibi harusi. Alitoka mbali, Nemba, upande wa Biharamulo, na kwao chura alikuwa kitu cha kufukuzwa kwa ufagio. Asubuhi ya kwanza ya ndoa yake Kanyange, akiwa bado na nguvu zake, alimshika mkono akamshusha hadi kwenye chemchemi, katikati ya mafunjo, akamwambia asimame kimya. Wakasimama. Kwanza palikuwa na ukimya, kwa maana vyura huwanyamazia wageni. Kisha akaanza mmoja mdogo, wa rangi ya ndizi mbivu, aliyejibandika kwenye unyasi, sauti yake kama kijiko kikigonga sahani ya bati. Wakamjibu wengine. Mwishowe likatokea dume kubwa kutoka chini ya ukingo, likakoroma kama mzee anayesafisha koo kabla ya kusema neno la maana.

"Wamekukubali," Kanyange alisema. "Usiwatupie mawe. Usioshee chungu chenye majivu humu. Na kabla ya kuchota, bisha hodi. Maji ambayo chura anakaa, na wewe unakaa. Maji ambayo chura amekataa, usimpe hata mbuzi."

Melania alibisha hodi, akiona aibu. Baadaye akazoea, na aibu ikaisha. Ilifika wakati akawa hawezi kuinama kuchota popote, hata mtoni, bila midomo yake kutikisika.

Kwa hiyo walipohamishiwa kilimani, wanawake wengi wa Kabira waliendelea kushuka kuchota kwenye chemchemi yao. Ilikuwa kwa muda tu. Mmoja mmoja walichoka. Shamba la kijiji liliwasubiri, watoto waliwasubiri, na kisima kilikuwa pale, kimya na karibu. Mwenyekiti wa kijiji, Idefonsi, aliyekuwa amefuata masomo ya Mtu ni Afya redioni tangu la kwanza hadi la mwisho, aliwaambia kwamba maji ya kisima kilichofunikwa ni salama kuliko maji ya wazi, na hakukosea. Baada ya mvua za mwaka wa pili, kwenye njia ya Kabira zilibaki nyayo za mtu mmoja.

Si za kila siku, wakati ule. Mume wake, Xavery, alikuwa na baiskeli, na Jumapili baada ya misa alifunga debe nyuma akashuka yeye. Alirudi akiisukuma, amelowa jasho na maji pamoja, na mama yake alimpokea kwa kumwambia kwamba amemwaga nusu. Lakini siku hiyo moja ilimtosha Melania kunyoosha mgongo.

Kisha vita vikaja. Redio ya kijiji, iliyozoea kuimba habari za mbolea, ikaanza kuimba habari za nduli aliyevamia mpaka. Xavery alikuwa mgambo, na lori la kuwachukua lilipofika aliitwa pamoja na wenzake. Alimpa Melania mkono mbele za watu, kama anayeagana na mgeni.

"Mama usimgombeze," alisema.

"Na mimi je, nani atamwambia asinigombeze?"

Xavery alicheka. "Nikirudi nitachota mimi mwaka mzima. Wewe utakaa kibarazani kama mke wa bwana shamba."

"Panda lori, wenzako wanakungoja," Melania alimjibu.

Baada ya hapo siku zilikuwa ni za mzigo mmoja kushuka kichwani na mwingine kupanda. Maharage yalikusanywa kupelekwa mbele kwa wapiganaji, na waliobaki ndio waliotakiwa kuyalima. Shamba la kijiji liliongezwa. Sabuni ilipotea dukani, chumvi ikafuata, mafuta ya taa yakawa hadithi. Wanawake walifulia majani ya mpapai. Melania alikuwa na binti yake Zita, na Anatoli, mdogo, aliyezaliwa hukohuko kilimani. Alikuwa na jembe lake na jembe la Xavery. Alikuwa na kuni za kutafuta. Na kila asubuhi, kabla ya yote hayo, alikuwa na Kabira.

Siku moja ya Desemba aliamka miguu imevimba. Alichukua mtungi, akatoka, akafika mwanzo wa mteremko, akautazama. Akageuka. Alichota kisimani, mtungi ukajaa, kisha akaenda kukaa nyuma ya nyumba, chini ya migomba, akingoja muda upite. Kusinzia kulimnyemelea. Alipoona jua limefika mahali pake pa kila siku, aliinuka akaingia ndani na kikombe.

"Leo umerudi upesi," Kanyange alisema.

"Nimeshaizoea njia, mama."

"Mbona huhemi?"

Melania akaanza kuhema.

Uso wa mzee ulikunjuka kidogo. "Hema kwanza, mwanangu, ndipo uongope. Usianze na uongo ukamalizia na pumzi." Alichovya ulimi kwenye kikombe, akakiinamisha polepole, maji yote yakamwagika kwenye sakafu ya udongo.

Melania aliyatazama yakinywewa na vumbi. Kitu kilichokuwa kimemshikilia kwa miaka kikakatika.

"Basi kufa na kiu!" alipiga kelele. "Umesikia, mama? Kufa na kiu! Kijiji kizima kinakunywa maji haya, na mimi nakunywa, na wajukuu zako wanakunywa. Nani amekufa? Niambie, nani amekufa?"

Vidole vya Kanyange viliruka punje mbili za rozari.

"Kagoma," alisema.

"Kagoma ndiye nani?"

"Mtoto wangu wa kwanza. Kabla ya Xavery. Tulikuwa tunakimbia njaa, tumepita nchi kame, tukakuta shimo lina maji. Meupe, mazuri. Mama yangu mzaa chema alikuwa nyuma na mizigo. Mtoto analia. Nikasikiliza, sikusikia chura hata mmoja, nikasema, chura ni nini mbele ya mtoto mwenye kiu? Nikampa." Alikusanya rozari yote kiganjani. "Tumbo lilimshika jioni. Hakuiona Jumapili."

Melania alikaa chini, pale pale penye tope lililotokana na kikombe. Kwa miaka yote aliyobeba maji, hakuwa amewahi kulisikia jina lile. Alitaka kusema kwamba lile lilikuwa shimo na hiki ni kisima; kwamba huenda haikuwa maji, ilikuwa njaa yenyewe. Alichosema ni, "Nakwenda Kabira, mama. Ngoja nichukue mtungi."

Nje alimkuta jirani yake Speciosa, mwanamke mwenye kicheko cha karibu, amesimama kwenye ua na jembe begani. Alikuwa amesikia kila neno wala hakujisumbua kuficha.

"Mama Zita, kama shida ni wenyewe, si uwahamishe? Sisi tulihamishwa, mbona hatukufa?"

"Nenda zako shambani."

"Nasema kweli! Wape na kiwanja. Balozi wao wa nyumba kumi awe lile lenye tumbo kubwa, litafanana na wetu."

Lakini neno la mzaha lilishuka mlima pamoja na Melania. Alipofika chemchemini alibisha hodi, akajaza mtungi, kisha, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, aliingiza mikono ndani ya mafunjo na kuwakamata wenyewe wa maji. Wadogo wa rangi ya ndizi walimteleza vidoleni. Dume kubwa alilipata kwa kulifunika kwa kanga. Aliwatia katika chungu alichokuwa amekiacha huko tangu walipohama, akafunika kwa jani la mgomba, akapanda na mtungi kichwani na chungu ubavuni, na njia nzima chungu kilikuwa kikigonga kwa ndani kama mtu aliyefungiwa.

Aliwamimina kandokando ya kisima jioni hiyo. Usiku mvua ilinyesha. Asubuhi hapakuwa na chura hata mmoja.

Aliwakuta njiani alipokuwa akienda kuchota. Walikuwa wakivuka barabara kwenye matope, wametawanyika, kila mmoja kwa nguvu zake, na wote walielekea upande mmoja: chini. Mmoja alikuwa amekanyagwa na gari. Lile dume kubwa lilikuwa limekwisha kufika kwenye jiwe jeupe. Lilimtazama Melania kwa macho yake ya dhahabu, likakoroma mara moja, likaruka.

Habari haikukosa kumfikia Mwenyekiti. Idefonsi alikuja kibarazani, akaamkia kwanza kupitia dirishani, "Shikamoo, bibi," akajibiwa marahaba, ndipo akamgeukia Melania.

"Mama Zita, nimesikia unatia vyura kwenye maji ya wanakijiji."

"Hawakukaa, Ndugu Mwenyekiti."

"Walikwenda wapi?"

"Walirudi kwao."

Idefonsi alijizuia, akashindwa, akacheka. "Hata vyura wako wanapinga operesheni," alisema, kisha akatazama barabarani kama yupo mtu mwingine aliyesikia, akakaza uso. "Kisimani sitaki mdudu wala mnyama. Watu wakiugua wakati huu, dawa iko mbele na wapiganaji. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Alielewa kweli. Hakuwa na ugomvi na Idefonsi. Hakuwa na nguvu ya ugomvi na mtu yeyote. Aliendelea kushuka, aliendelea kupanda, na jambo la vyura akaliacha.

Masika yalipofika, chemchemi ya Kabira ilijaa viluwiluwi. Kila mwaka ilikuwa hivyo: maji yalipochotwa, yaliingia nao mtungini, vitu vidogo vyeusi vyenye vichwa na mikia, na mchotaji aliyachuja kwa kitambaa na kuwarudisha kabla ya kujitwisha kutoka kwenye ukingo. Kanyange ndiye aliyemfundisha. Lakini asubuhi moja ya Machi, baada ya wiki nzima ya palizi, Melania alijaza mtungi akajitwisha hivyohivyo. Hakusahau. Alikumbuka vizuri kabisa, akaona kitambaa kiko begani, akaona mkono wake haunyanyuki kukichukua.

Nyumbani aliyachuja, akabaki na bakuli la viluwiluwi wanaohangaika. Kuwamwaga juani hakuweza. Kuwarudisha Kabira, hata kuwaza hakuweza. Alikwenda nao hadi chini ya kisima, mahali ambapo maji yaliyofurika yalipita kwenye mfereji na kutuama katika dimbwi la kunyweshea ng'ombe, akawaacha pale. Kesho yake alichoka vilevile, akafanya vilevile. Na kesho kutwa.

"Mama Zita!" Idefonsi aliita kutoka barabarani, alipomwona ameinama na bakuli. "Si nilikukataza?"

"Ulinikataza kisimani. Hili ni dimbwi la ng'ombe."

Idefonsi alifikiri. "Haya. Ng'ombe wakikubali, mimi sina neno."

Ng'ombe walikubali. Melania hakuwa na mpango wowote. Alikuwa akimwaga tu kile ambacho uchovu ulimfanya abebe. Wakati mwingine, akipita, aliona kwamba baadhi wameota miguu ya nyuma, na mikia yao imepungua. Wengi waliliwa na ndege. Zita alisema kwamba nyasi za dimbwini zilikuwa na vitu vidogo kama kucha ya mtoto, vinavyoruka. Mama yake alisema vizuri, nenda kalete kuni.

Vita viliisha kwa redio kusema vimeisha. Kijijini palipigwa ngoma, na pombe ya ndizi ilipatikana, Mungu peke yake ndiye ajuaye kutoka wapi. Wengine walirudi. Mmoja wao alisema kwamba alimwacha Xavery mzima, Masaka, na kwamba kikosi chake bado hakijaruhusiwa. "Anakusalimu. Amesema ile ahadi ya maji anaikumbuka." Melania alishukuru. Kiangazi kilikuja kikali, vumbi likapanda hadi kwenye paa, dimbwi likabaki kiraka cha tope, na Kabira palepale, chini, mbali kama kawaida. Jiwe jeupe lilionekana kama limesogezwa juu. Alianza kusimama pia kwenye mti wa kwanza, na kwenye kichuguu.

Kisha, mvua za Oktoba.

Ilikuwa saa ya kupika, giza bado halijashika. Mvua ilikuwa imekatika, na matone ya mwisho yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye majani ya migomba. Melania alikuwa akipuliza moto wa kuni mbichi, macho yanamtoka machozi. Ndipo Kanyange alipoita kutoka chumbani.

"Melania. Acha kupuliza."

"Moto utazimika, mama."

"Uzimike."

Aliacha. Kutoka chini ya kisima ilisikika sauti moja, nyembamba, kama kijiko kikigonga sahani ya bati. Ilinyamaza. Ikagonga tena. Ikajibiwa. Punde zilikuwa sauti nyingi, hazijapangika bado, kama kwaya ya watoto siku ya kwanza ya kujifunza wimbo.

Melania aliingia chumbani. Kanyange alikuwa amejiinua kwa kiwiko, sikio ameligeuzia dirishani. Anatoli alikuwa amekaa miguuni pake, kama alivyozoea.

"Wanatoka wapi hao?"

"Dimbwini, chini ya kisima."

"Si wale waliokukimbia?"

"Sio. Hawa niliwabeba wakiwa na mikia. Miguu wameotea hapa."

Mkono wa mzee ulipapasa, ukakuta kichwa cha Anatoli, ukakaa hapo.

"Kama huyu," alisema.

"Ndiyo, mama. Kama huyo."

"Hawajui kwingine."

"Hawajui."

Walisikiliza. Jikoni moto ulizimika kweli, na moshi wake ukaingia hadi chumbani.

"Na maji yao ni yapi?"

"Ni haya ya kisima. Yakifurika ndiyo yanakwenda kwao."

"Ulibisha hodi ulipochota?"

"Nabisha siku zote. Hata pale pasipo na mtu wa kunijibu."

Kanyange alinyoosha mkono. Melania alileta kikombe, akamshika mzee mgongoni, akauhisi uti wake chini ya nguo kama rozari nyingine. Midomo ya mzee ilitikisika kwanza. Huenda aliomba, huenda alilitaja jina la mtoto. Akanywa funda moja, akalikalisha mdomoni, akameza.

"Ya Kabira yalikuwa matamu zaidi," alisema.

"Najua, mama."

"Haya yana ladha ya mbao."

"Ni mfuniko."

"Mwambie Idefonsi aubadilishe." Akanywa tena, safari hii hadi mwisho, akakirudisha kikombe kitupu. Melania akakipokea kwa mikono miwili. Alirudi jikoni kuwasha moto upya.

Asubuhi aliamka saa yake ileile, akachukua mtungi, akatoka. Miguu ilishika njia yenyewe. Alikuwa amefika kwenye jiwe jeupe alipokumbuka. Alisimama. Chini kulikuwa na ukungu juu ya mafunjo ya Kabira, na kutoka huko, kwa mbali sana, dume kubwa lilisafisha koo.

Alitua mtungi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mahali pale. Akakaa, akaegemeza mgongo kwenye jiwe. Alijiambia atapumzika kidogo tu, kisha aende palizi. Hakujua tena asubuhi isiyo na mlima huanzia wapi.

Shamba la kijiji lilikuwa ng'ambo kidogo ya njia hiyo, na Speciosa ndiye aliyempitia, akamkuta amelala fofofo, mdomo wazi, mikono imekumbatia mtungi mtupu. Alimtazama. Alivua kitenge chake cha begani, akamfunika miguu, akaenda zake kwa kunyata.

Shambani Idefonsi alikuwa akiwaita watu mmoja mmoja.

"Mama Zita yuko wapi?"

"Yuko njiani," Speciosa alijibu, akilitia jembe ardhini. "Bado anapanda."

"Mpaka saa hizi?"

"Ndugu Mwenyekiti, huijui njia ile. Ya kushuka ndiyo fupi."